Bakuli dogo la kipupwe

Leo giza limeingia kabla sijavua koti. Nimebandika sufuria kwanza, mengine yakafuata.

Mama yuko nami kipupwe hiki chote. Umri umempunguzia hamu ya kula. Chakula kigumu anakionja tu na kukisogeza pembeni, lakini supu haikatai. Ila ni bakuli dogo, basi. Hataki kuongezewa. Kwa hiyo wiki zote hizi nawaza jambo moja: bakuli hilo moja lazima libebe mlo mzima.

Mwanzoni nilikosea. Nilichemsha kabichi na karoti kwenye maji mengi, nikaridhika kwamba anakula mboga. Supu ilimpasha mwili joto, kisha usiku wa manane nikamsikia akijigeuzageuza, njaa inamuuma. Iliniuma na mimi. Mboga peke yake haina uzito wa kumfikisha mtu asubuhi. Pale palikosekana protini, na kitu cha kukaa tumboni.

Sasa natia dengu nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa. Hazihitaji kulowekwa. Naziosha mpaka maji yatakate, na baada ya dakika 20 hivi zimeshapondeka zenyewe na kuifanya supu kuwa nzito bila unga wala krimu. Gramu 100 za dengu kavu zina protini kama gramu 24, na hicho ndicho ninachomtafutia Mama. Siku nikiwa na nafasi naongeza konzi ya shayiri, ambayo naitanguliza jikoni kwa sababu inachukua karibu saa nzima kuiva.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye kitunguu. Daktari amemtaka apunguze chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Vile vidonge vya supu vya dukani vimejaa chumvi, nimeachana navyo. Ladha inabidi itoke kwingine. Basi nakatakata vitunguu viwili, navitia kwenye mafuta kidogo, moto mdogo, na sitoki hapo kwa robo saa nzima. Vinalainika, vinang'aa, halafu vinaanza kugeuka rangi ya asali na nyumba nzima inanukia. Hapo ndipo kitunguu saumu kinaingia, kisingetangulia kwa sababu kinaungua upesi na kuwa kichungu. Kisha kijiko cha nyanya ya kopo, nakikaanga mpaka wekundu wake ukolee. Maji ndiyo ya mwisho. Nikishaepua nakamulia limau, na chumvi ile kidogo inasikika kana kwamba ni nyingi. Mama hajawahi kulalamika kwamba supu haina chumvi.

Majani ya mboga nayatia dakika chache kabla ya kuepua. Sehemu ya vitamini C huyeyukia kwenye maji, lakini uzuri wa supu ni kwamba maji hayo hatuyamwagi, tunayanywa.

Juma lililopita nilijaribu maharage, nikayatia pamoja na nyanya tangu mwanzo. Karibu saa tatu motoni na bado yalikuwa magumu! Asidi ya nyanya huzuia ganda lisilainike. Siku ile Mama alikula mkate na chai, nami nikalala na uchungu. Sasa nyanya husubiri maharage yaive kwanza. Na haya mekundu yana sumu yake yakiwa mabichi: maji ya kuloweka yamwagwe, kisha maharage yenyewe yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla hujapunguza moto. Moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi sumu hiyo.

Inayobaki naigawa kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita iko kwenye friji. Hainipiti siku tatu. Ya ziada naigandisha, kwa zile jioni ninazorudi nimechoka.

Leo Mama amemaliza bakuli lake, akapangusa chini kwa kipande cha mkate. "Mwanangu, hii umeweka nyama?" Nikamwambia ni dengu tu, Mama. Akaniangalia, akatazama sufuria, hakusema neno.

Sasa amelala, na nyumba imetulia. Nimeloweka maharage ya kesho.