Nyumba ya Lamu kwenye meza: vipimo, boriti na zidaka

Kipimo cha nyumba za wanasesere kinachotumika zaidi ni 1:12, yaani sentimita 12 za nyumba halisi huwa sentimita 1 kwako. Jumba la wanasesere la Malkia Mary lililoko Windsor, Uingereza, lililokamilika mwaka 1924, limejengwa kwa kipimo hicho hicho. Ukiona nyumba ndogo "inakataa" kuonekana kama nyumba, mara nyingi kosa halipo kwenye samani. Lipo kwenye unene wa kuta.

Nyumba ya mawe ya Lamu ni mfano mzuri, maana uzuri wake wote umo kwenye unene. Ukuta wa karibu sentimita 50 unakuwa 4. Mafundi wengi wapya hukata plaiwudi ya milimita 6 wakaona imetosha, na matokeo yake ni kasha. Tengeneza mkate: povu jeupe gumu (styrofoam) la sentimita 3 katikati, plaiwudi ya milimita 3 kila upande, kisha puti (lipu laini ya kusawazisha ukuta). Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, weka uzito juu, uache hadi kesho yake. Supaglu usiisogeze karibu na povu, wala rangi ya kupuliza. Vyote viwili vinalila na kuacha mashimo.

Usijenge nyumba nzima. Chukua msana mmoja (ukumbi mrefu mwembamba) na ndani (chumba cha nyuma yake), uache upande mmoja wazi kama umekatwa kwa msumeno. Upana wa vyumba vya Lamu ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni vyembamba: mita 2.6 au zaidi kidogo, kwako sentimita 22. Vyumba viwili na kuta tatu vinakula sentimita 56. Kina cha 35 kinatosha. Sakafu ya ndani inyanyue sentimita 1.5 kuliko ya msana.

Boriti ndipo watu wanapoharibu. Vijiti vya mishikaki ni vyembamba mno: milimita 3 ni sawa na kijiti cha sentimita 3.6, na hakuna aliyewahi kuezeka dari kwa hicho. Unahitaji milimita 10. Fimbo za duara za dukani zinafaa, ila vitawi vilivyokauka vizuri ni bora kwa sababu havijanyooka sana. Kata vya sentimita 24, kila ncha iingie ukutani sentimita 1, upangie kila baada ya sentimita 2.5, chumba kimoja kinameza kama 12. Vipake rangi ya mbao KABLA ya kubandika. Tone la gundi likishakauka juu ya mti halinywi rangi tena, na doa lake jeupe utaliona kila siku.

Zidaka (vishubaka vya ukutani) za ukuta wa ndani zichore kwanza kwenye karatasi, uhakikishe safu zote zinagawanyika sawasawa. Tundu la upana wa sentimita 3.5 na kina cha 2 linapendeza. Kata kadibodi ya milimita 2 kwa wembe mpya, matao juu, kisha chimba povu nyuma yake na kulifunika kwa karatasi ngumu. Wembe butu huchana kingo, na puti haifichi mchano bali huukuza.

Puti changanya na gundi kidogo, upake tabaka la milimita 1, likauke, ndipo la pili. Tabaka moja nene hupasuka. Plaiwudi ikilowa upande mmoja hupinda, basi paka pande zote mbili siku moja. Rangi ya mwisho isiwe nyeupe ya hospitali. Tone la kahawia ndani ya nyeupe huleta chokaa. Nyaya za taa zipitishe kwenye povu kabla ya puti. Taa ndogo ya LED ya volti 3 kwenye chaji ya simu ya volti 5 inataka rezista ya omu 100, kila taa na yake, la sivyo inaungua.

Mlango una mbao mbili na mfaa (mti wa wima zinapokutana) katikati. Urefu wa sentimita 17 ni sawa. Nakshi ibonyeze kwenye kadi nene kwa kalamu iliyokwisha wino, upake kahawia, ufute juu juu ili rangi ibaki mashimoni.

Kwa nguo, kanga halisi haifai: maua yake yatakuwa makubwa kuliko kitanda. Chapisha picha yake ikiwa imepunguzwa mara 12 kwenye pamba nyembamba, iloweshe gundi iliyozimuliwa na maji, uibane kwa pini kwenye povu lililofunikwa nailoni hadi ikauke na mikunjo yake. Bila hivyo husimama kama kadi.