I-130 (ombi la kumleta jamaa Marekani) imekataliwa kwa sababu barua hazikujibiwa

Kabla hujalia na mtu, tazama tarehe ya barua ya kukataliwa. Siku za kuchukua hatua zinahesabiwa tangu ilipotumwa, si siku uliyoifungua: 30, au 33 ikiwa ilitumwa kwa posta. Kisha soma sababu. Ikiwa USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wanasema ombi limetelekezwa, yaani waliomba ushahidi zaidi na hawakujibiwa, huna rufaa. Unachoweza ni kuomba faili lifunguliwe upya kwa fomu I-290B, na ada yake hairudi.

Hapo anwani ndiyo kesi yenyewe. Kusema “sikuipata” hakutoshi. Onyesha kwamba ulibadilisha anwani kwao kabla hawajatuma barua: uthibitisho wa AR-11 (fomu ya kubadilisha anwani), wenye tarehe. Kuwaambia posta tu hakubadilishi chochote USCIS, na wengi huponzwa hapo.

Huna uthibitisho? Kwa mke au mume wa raia wa Marekani, mara nyingi afadhali kufungua I-130 mpya, kwani hakuna foleni ya viza. Kwa kaka au dada wa raia ni msiba: tarehe ya foleni ya ombi lililotelekezwa haihamii kwenye jipya. Huyo mtafutie wakili wa uhamiaji wiki hiihii.