Diski ya matabaka mawili ikikwama: tazama asilimia kwanza

Video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda kabla ya ndoa) ya saa tatu na nusu huingia kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7, lakini inaingia kwa kubanwa. Kila sekunde inabakiwa na megabiti 3 hivi, na gomesi (magauni ya sherehe ya akina mama) zenye nakshi zinageuka vijiboksi mara tu akina mama wanapoanza kucheza. Dawa yake ni DVD+R DL, ile yenye matabaka mawili na nafasi ya GB 8.5. Tatizo ni kwamba diski hizi ni ghali na zinaharibika kirahisi wakati wa kuchoma. Ikiharibika moja, usiweke nyingine kwa mipangilio ileile. Andika kwanza kwenye karatasi asilimia iliyokwamia, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia.

Ikikataa kabla hata haijafika asilimia 3, mara nyingi draivu imeshindwa kupima nguvu ya leza kwa diski hiyo. Kila draivu ina orodha ndani yake ya namna ya kuchoma kila aina ya diski, na huitambua diski kwa msimbo uliochapwa kiwandani, si kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Tia diski tupu, fungua ImgBurn, programu ya kuchomea diski, usome msimbo huo upande wa kulia: MKM-003-00, CMC MAG-D03-64, RITEK-S04-66 na kadhalika. Diski mbili zenye boksi moja zinaweza kuwa na misimbo tofauti, kwa hiyo nunua moja, soma msimbo, choma, ndipo urudi kwa boksi zima. Draivu iliyotengenezwa kabla ya diski hiyo kutoka inahitaji programu yake ya ndani isasishwe. Hakuna sasisho? Tafuta diski yenye msimbo ambao draivu inaujua.

Sehemu ngumu ni nusu, yaani asilimia 50. Leza huandika tabaka la kwanza kutoka ndani kwenda nje, kisha inasimama, inahamisha fokasi hadi tabaka la pili, na kuanza kurudi kutoka nje kwenda ndani. Sasa inapaswa kupenya tabaka la kwanza lililokwisha kuchomwa, kwa hiyo inahitaji nguvu zaidi. Draivu nyembamba ya USB inayotegemea tundu la laptopu hukwama hapahapa. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500 tu, na draivu nyingi za namna hiyo huvuta zaidi ya hapo zinapochoma. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, au draivu yenye adapta yake ya umeme. Usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake.

Kama umeme uko sawa na bado inakwama, au programu inakataa kabla ya kuanza, angalia mahali pa kuvukia tabaka. Sheria ni mbili. Tabaka la kwanza lazima liwe sawa na la pili au liwe kubwa zaidi, na hakuna tabaka linalozidi sekta 2,086,912, yaani takriban GB 4.27. Juu ya hayo, kivuko cha DVD ya video lazima kiangukie mwanzo wa seli (kipande cha video ndani ya diski), na seli huzaliwa pale unapoweka sura, ile alama ya kurukia sehemu ya video. Video ya saa tatu na nusu isiyo na sura hata moja haina pa kuvukia.

Tufanye hesabu. Kazi ina GB 7.8 na dakika 210. Kivuko lazima kiwe kati ya GB 3.9 na 4.27, yaani kati ya dakika ya 105 na ya 115 hivi, kama biti zimegawanywa sawasawa. Basi weka sura mbili au tatu ndani ya dakika hizo kumi. Chagua mahali picha inapofifia au watu wanapohama meza, si msemaji akiwa katikati ya neno, kwa kuwa deki husita kidogo pale inapovuka.

GB 7.8 hiyo nimeichagua makusudi. Diski ikijazwa hadi mwisho, kivuko kinafika kwenye ukingo kabisa wa eneo la data, ambako rangi ya kuandikia na unyoofu wa diski ni dhaifu zaidi. Ukiacha GB 0.7 na kuweka kivuko katikati, unabaki karibu milimita 2 ndani ya ukingo. Kwa dakika 210 hiyo ni takriban megabiti 4.9 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Weka sauti AC3 (iliyobanwa) ya kilobiti 192. PCM, sauti isiyobanwa, itakula megabiti 1.5 nzima ambazo picha inazihitaji.

Ikivuka salama halafu ikafa kati ya asilimia 51 na 60, shuku alama za vidole na vumbi. Tabaka la pili linaanzia nje, palepale watu wanapoishika diski. Ishike kwa tundu la kati na ukingo. Ikiwa chafu, pangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati moja kwa moja hadi nje, usizungushe. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufika hadi kwenye lenzi ya draivu. Lipulize kwa pampu ndogo ya mpira.

Kasi: diski iliyoandikwa 8x ichome kwa 4x, na ya 2.4x iache hapohapo. Kwa 4x diski iliyojaa huchukua dakika 26 hivi, kwa 2.4x kama 43. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ni kamari kwa muda huo. Zima pia usingizi wa kompyuta, na usichome ISO (faili moja lenye diski nzima) iliyo kwenye fleshi. Tena fleshi ya FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, kwa hiyo ISO hiyo huenda imefika ikiwa imekatika.

Ikimaliza vizuri na uhakiki ukapita, lakini deki ya mteja inasema hakuna diski, mara nyingi ni alama ya aina ya diski. Deki za zamani zinataka kuona DVD-ROM. Kwenye ImgBurn alama hiyo, buktaipu, hubadilishwa kabla ya kuchoma, na si kila draivu inaruhusu. Baada ya kuchoma haibadiliki. Usibandike lebo ya karatasi juu ya diski: uzito ukielemea upande mmoja diski huyumba, na tabaka la pili, ambalo hurudisha mwanga kidogo, ndilo huanza kuganda. Andika jina la maharusi kwa kalamu laini ya wino, kwenye duara la ndani karibu na tundu.