Nilivyoijibu michoro ya penseli ya Max Ernst kwa patasi, hapa Lamu

Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu mjini, milango, masanduku na viti ndo kazi yangu tangu nimalize shule, na mwaka jana nlipata kazi moja ilonishughulisha karibu miezi mitatu. Nataka niieleze vile ilivyoenda manake najua kuna mafundi wenzangu wanaletewa picha za watu wa mbali wanaambiwa fanya kitu kutokana na hii, na hawajui waanzie wapi.

Mwenye nyumba mmoja wa Shela alinipa kitabu cha michoro ya Max Ernst, yule Mjerumani alozaliwa Brühl mwaka 1891 akaenda kuishi Paris na kundi la masurealisti, wasanii walokuwa wanatafuta picha zinazotoka kama ndotoni, hazikupangwa na akili kwanza. Akanambia, fundi, mimi sitaki uninakilie, nataka umjibu kwa mti. Nikaitika sawa, lakini hilo neno kumjibu sikulielewa kabisa siku ile.

Michoro yenyewe inatoka kwenye mkusanyiko unaoitwa Histoire naturelle, ulotoka Paris mwaka 1926, kurasa 34 za penseli. Kuna moja ina jani kubwa limesimama wima kama mtu mlangoni, na mbao huku na huku. Ukisogeza uso karibu unaona mistari midogo midogo, mingine myembamba kama unywele, inapishana, inajikunja, inarudi, nikawa najiuliza huyu mtu alikuwa na subira ya namna gani. Kumbe hakuchora vile, alisugua! Agosti 1925 alikuwa kwenye nyumba ya wageni Pornic, mji wa pwani ya Ufaransa, akawa anatazama mbao za sakafu zilosuguliwa kwa brashi miaka na miaka hadi mishipa ya mti imesimama juu, akaweka karatasi, akapitisha penseli. Mtindo huo unaitwa frotaji. Sote tumeufanya darasani, unaweka shilingi chini ya karatasi ya daftari unasugua, kichwa kinatokea. Yeye akaendelea na majani ya miti, magunia, hata uzi, alafu katika kile kilichotokea akatafuta ndege, msitu, bahari.

Basi mimi nikafanya kosa. Nikalichukua lile jani, nikalihamisha kwa kaboni kwenye ubao wa mvule, nikachonga wiki mbili usiku na mchana. Likatoka limekufa, kila kitu kipo mahali pake lakini halina uhai, limekuwa kama shimo. Nikamwita mzee wangu alonifunza kazi, nikamwamkia, nikamweka mbele ya ubao. Akauangalia kitambo, akapitisha kidole gumba kwenye fundo la mti pale juu ambalo mimi nlikuwa nimelichimba lote nipate nafasi ya ncha ya jani, akasema, "Mwanangu, mti huu ulikuwa na mato yake, wewe wautilia mengine ya nini?" Mato kwetu ndo macho. Mzee akaomba maji akanywa akaenda zake. Sikulala usiku ule.

Kesho yake asubuhi nikapanda mashua nikaenda Matondoni kule wanakounda majahazi, nikamuomba fundi mmoja kipande cha ubao ulotolewa kwenye chombo kikuukuu. Ubao wa chombo jamani ni kitu kingine, jua na chumvi vimeila ile sehemu laini ya mti, ile ngumu imebaki imesimama kama mishipa ya mkono wa mzee, yani ni ile sakafu ya Pornic kabisa, ila hapa kazi ya brashi imefanywa na bahari. Nikatandika karatasi, nikalaza penseli ya 6B, ile laini nyeusi, ubavu, nikaanza.

Hapa niseme kidogo ya kazi yenyewe. Karatasi ya manila haifai, ni nzito inaficha kila kitu, tafuta nyembamba. Ishike kwa selotepu pande zote nne, ikiteleza hata kidogo tu mchoro unakuwa wa ukungu. Usikandamize, pitisha mkono mwepesi mara nyingi, kwanza kufuata mishipa alafu kukata mishipa, na wakati wa kusi karatasi inanyonya unyevu inakuwa laini inachanika, kwa hivyo mimi nlikuwa nafanya saa sita sa saba jua likiwa kali.

Karatasi ya nne au ya tano ndo nikaliona lile kosa langu, na hili ndo hasa nlilotaka kuwaambia. Sisi kwenye nakshi tukichora ubao, pale tulipopaka weusi ndo pa kuchimba, ndo chini. Kwenye kusugua ni kinyume, weusi ndo kilichosimama juu kikaigusa penseli, na weupe ndo bonde. Ule mchoro wa Ernst mimi nliusoma kwa macho ya nakshi, nikachimba weusi wote, yani nlikuwa nimeupindua ndani nje, kila mshipa wa lile jani nimeufanya mtaro. Ndo maana likawa shimo!

Nikaanza upya. Nlisugua karatasi kama thelathini, nikachagua moja ambayo mishipa ilikuwa inapanda inazunguka fundo moja alafu inaachana kama mkia wa maji nyuma ya ngalawa. Nikachukua ubao mpya wa mbambakofi wenye fundo lake, nikausugua nao pia, nikaziweka karatasi mbili pamoja dirishani mwanga unapita, nikaona wapi zinakubaliana. Pale zilipokubaliana nikachonga, nikitoa weupe nikiacha weusi. Mti ulipokataa nikauwacha.

Ernst ana viumbe wengi, samaki mwenye jicho kubwa, ndege. Mimi sichongi viumbe, ndivyo nlivyofunzwa, nakshi zetu ni majani na mawaridi na duara, kwa hivyo huko sikumfuata na sioni kama nimempunguzia heshima. Lakini ana mchoro mmoja wa jicho tupu, kubwa, limejaa ukurasa, na nlipolitazama lile fundo nikakumbuka majahazi yetu yanavyowekwa macho mbele kwenye omo. Basi fundo nimeliacha vile vile, halikuguswa hata na msasa, mishipa yote inalizunguka.

Mzee alikuja tena. Alikaa na ule ubao muda mrefu, akauliza hili jicho umechonga wewe? Nikamwambia hapana, lilikuwamo. Akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza ntautia mafuta lini.

Kabla ya kuutia mafuta nikausugua mara ya mwisho, manake ukishakunywa mafuta karatasi inaharibika. Ubao uko Shela saa hii, ukutani. Ile karatasi nimebaki nayo karakanani, nimeibandika juu ya meza ya patasi, karibu na lile jani la kwanza.