Pistoni ya Nyuma Haisukumwi

Golf ya mjomba ilianza kulia breki za nyuma katikati ya Ramadhani, na mjomba alikuwa ameshaahidi kuwapeleka watu harusini Lushoto baada ya Idi. Anayeijua njia ya kutoka Mombo anaelewa kwa nini mama alinikataza kurudi Dar kabla sijazitazama zile breki. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima huku na korongo kule, na kushuka ndiko kunakopima gari hata kama dereva anajua kutumia gia.

Tukapiga jeki uani, Chumbageni, Tanga, tubadilishe pedi. Pedi mpya ni nene, haziingii mpaka pistoni, ile inayozisukuma zibane diski, irudishwe ndani. Za mbele tulizimaliza upesi: pedi kuukuu juu ya pistoni, klampu, unakaza taratibu, pistoni inazama yenyewe. Nyuma ndipo palipokuwa na kazi. Klampu ileile ikakaza mpaka ikaanza kujikunja, pistoni imekaa tu. Jirani, aliyekuja kutoa salamu akabaki kutoa ushauri, akasema tutafute klampu kubwa zaidi, au nyundo.

"Ngoja kwanza, mjomba," nikamwambia mwenye gari, maana nyundo ilishaanza kutafutwa. Nilipangusa uso wa pistoni kwa kitambaa, tukaona vijishimo viwili vinavyotazamana. Hivyo ni vya kuzungushia. Kwenye kalipa ya aina hii, yaani kile chuma kinachobeba pistoni na pedi, hendibreki imo humohumo ndani: nyuma ya pistoni kuna skrubu inayoisogeza mbele kadiri pedi zinavyolika. Ukiisukuma kwa nguvu unaumiza skrubu hiyo, na hapo hendibreki umeiaga. Inatakiwa ibanwe na izungushwe kwa wakati mmoja, na kwa Golf ile unazungusha kuelekea kulia. Yapo magari ambayo upande mmoja huzungushwa kinyume.

Mjomba akaleta koleo la mdomo mrefu. Lilishika vijishimo, likazunguka, likachomoka na kumchubua vidole. Pistoni ilizunguka palepale bila kuingia hata kidogo, kwa sababu hakukuwa na kinachoibana. Ndiyo maana sikipendi kile kijitofali cha chuma chenye meno kila upande kinachouzwa kwa bei nafuu: kuzungusha kinazungusha, lakini kubana ni juu ya mkono wako, tena umechuchumaa.

Kifaa chenyewe cha kazi hii, chenye skrubu ndefu na bamba la kuegemea, madukani siku ile hatukukipata. Basi nikakandamiza kipande cha kadibodi juu ya pistoni mpaka vijishimo vikajichora, nikakichukua kwa baiskeli hadi Ngamiani, kule ambako barabara zina namba, kwa mzee mmoja anayechomelea fremu za baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta karatasi, chuma kiko wapi?"

Alipoelewa hakuuliza tena. Akatafuta boliti nene, akachomelea vijipini viwili kichwani kwa kufuata ile alama, akatoboa bamba, akalivisha kwenye boliti pamoja na nati yake. Vijipini vinaingia kwenye pistoni, bamba linaegemea vidole vya kalipa vinavyoikabili pistoni, nati inalisukuma bamba ili boliti ibane. Spana moja kwenye kichwa cha boliti, nyingine kwenye nati. Alichotoza hakikufika hata bei ya soda mbili.

Tukaishusha hendibreki kabisa, tukapaka grisi ya breki kwenye mpira wa vumbi usije ukajisokota. Mjomba akashika nati, mimi nikazungusha kichwa. Robo, robo nyingine, yeye anakaza. Ikaanza kuzama. Mafuta ya breki yakapanda kwenye kopo lake kule mbele, mama akatuletea bomba la sindano tukayapunguza kabla hayajamwagika. Rangi ya gari hayaiachi salama. Kalipa tuliifunga kwa waya muda wote, maana ikining'inia inauvuta mpira wa mafuta.

Upande wa pili ulikwenda haraka. Mjomba akakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, ndipo nikamruhusu kuwasha. Hendibreki ilishika kwenye mteremko wa kuelekea baharini, na jirani akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba ile pistoni ni ya kuzungusha.

Wao wakaenda Lushoto. Kwenye gari hakukubaki nafasi yangu, nikarudi Dar na basi. Kifaa kikabaki kwa mjomba, na nasikia anakiazimisha kwa soda.