Nilivyojifunza kumlalamikia Mungu bila kuacha kumtumaini

Kama kuna aya ambayo ningeomba wapendwa waipumzishe kidogo, ni Yeremia 29:11. Nilipopoteza kazi nilitumiwa aya hiyo na karibu kila mwenye namba yangu. Wengine waliituma juu ya picha ya machweo, wengine juu ya maua, na mmoja aliituma asubuhi akairudia jioni kwa kusahau. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nilijibu "Amina, ubarikiwe" mpaka ikafika mahali nikigusa herufi A tu, simu inanimalizia yenyewe.

Mimi ni mhasibu. Nikiletewa hesabu siridhiki na jumla iliyoandikwa chini, napanda juu kuona imetoka wapi. Basi siku moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa utakatifu, nilipanda mstari mmoja juu nikasoma aya ya 10. Miaka 70! Hiyo barua Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na ahadi ile tamu ilikuwa na tarehe ya malipo ambayo wengi wao wasingeifikia wakiwa hai. Nikapanda tena hadi sura ya 28, nikakutana na nabii Hanania. Huyu alikuwa amewatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu, mfalme na mateka wote. Sina shaka mkutano ulimpenda. Hata Yeremia alimwitikia "Amina". Tatizo ni kwamba Mungu hakuwa amemtuma, na mwaka huohuo, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Sijui kwa nini jambo hilo lilinifariji, lakini lilinifariji sana. Nilikuwa nimezungukwa na kina Hanania wa miaka miwili, na kumbe Biblia yenyewe haiwaamini.

Niseme kuhusu ushauri niliopewa, maana ndio ulionichosha kuliko hata kukosa mshahara. Dada mmoja tuliyeimba naye kwaya alinionya nisiseme kamwe "sina kazi", kwa kuwa kinywa kinaumba. Niseme "kazi yangu iko njiani". Nikatii. Mwenye nyumba alipokuja kuuliza kodi nikamwambia kwa ujasiri wote wa rohoni kwamba iko njiani. Akaniuliza, njia ipi? Sikuwa na jibu. Akakaa mlangoni akinitazama kama mtu anayesubiri niitaje barabara kwa jina. Nikalazimika kushuka kutoka rohoni na kumweleza ukweli, kwamba sina kazi, na akanipa muda. Kukiri udhaifu, jambo nililokatazwa, ndiko kulikonipa muda.

Mwingine, mzee mwenye heshima zake, alinielekeza nifunge macho, nifungue Biblia popote, niweke kidole, na hapo Mungu atasema nami. Nilifanya, na kila ninapokumbuka nacheka. Kidole cha kwanza kiliangukia Mithali 6: "Ewe mvivu, mwendee chungu." Nilikuwa nimetoka kupeleka barua za maombi ya kazi juani kutwa nzima, miguu inawaka, halafu naambiwa mvivu! Nikasema labda sikufumba macho vizuri. Kidole cha pili kikaenda Amosi, pale panaposimuliwa mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu, na alipofanikiwa kufika nyumbani akauegemea ukuta, nyoka akamuuma. Nilifunga kitabu, nikakifungua tena, nikajikuta Walawi 13, kwa kuhani, nikiarifiwa kuwa mtu ambaye nywele zimemtoka kichwani ana upara, lakini ni safi. Nikajishika kichwa. Nywele zilikuwepo. Nikamshukuru Mungu kwa hilo na kuacha zoezi.

Kilichonisaidia nilikipata nilipoanza kusoma Zaburi kwa macho ya kazi yangu. Nimeimba zaburi tangu utotoni, lakini nilikuwa nazijua zile za shangwe na ile ya 23. Nilipozipitia kwa mpangilio nilishangaa jinsi kitabu hicho cha sifa kilivyojaa manung'uniko. Chukua Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu, na katika mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Mtu akisema hivyo kwenye maombi ya Jumatano ataitwa pembeni aombewe. Daudi aliposema, wakamwandikia "Kwa mwimbishaji", yaani iimbwe na watu wote!

Basi nikatafuta daftari la kawaida, lile la bei ya chini kabisa, nikachora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto nilinakili kwa mkono yale ambayo mtunga zaburi analalamikia, neno kwa neno. Upande wa kulia nilinakili yale anayosema anayatumaini. Chini yake nikaandika yangu kwa utaratibu uleule: kushoto linaloniuma, kulia ninaloweza kulisema juu ya Mungu. Ninajisifu kidogo hapa, kwa sababu sheria niliyoiweka ndiyo iliyofanya kazi. Sheria ilikuwa kwamba upande wa kulia haliingii neno ambalo silimaanishi. Hakuna tarakimu za kubuni ili vitabu vilingane. Siku ambayo sikuwa na cha kuandika kulia, nilichora kistari nikaenda kulala. Na usifikiri vistari vilikuwa vichache.

Kuna wakati nilijisikia vibaya kwa vistari hivyo, mpaka nikamkumbuka yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto aliyeteswa na pepo. Alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Pande zote mbili za daftari ndani ya sentensi moja. Na mwanawe aliponywa. Yesu hakumrudisha nyumbani akakamilishe imani kwanza.

Katika kunakili niligundua kitu ambacho kwa kusoma kwa macho tu nilikuwa nakiruka. Rudi kwenye Zaburi ya 13. Aya ya 4 adui bado yupo, Daudi anaogopa asije akasema amemshinda. Aya ya 5 Daudi anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Nilitafuta kati ya aya hizo mbili kilichotokea. Hakuna. Adui hajafa, barua haijaja, hakuna aliyepiga simu. Tofauti pekee ni kwamba jambo limeshasemwa, na limesemwa kwa Mwenyewe. Mtu hamlalamikii ambaye ameshakata tamaa naye. Huyo anamsengenya tu kwa wengine, au ananyamaza. Kwa hiyo upande wangu wa kushoto, ule niliodhani ni upande wa kutokuamini, ulikuwa na imani muda wote, kwa sababu kila mstari ulianza na "Ee BWANA".

Baada ya hapo nilisoma Ayubu bila haraka. Ni sura 42, na sehemu kubwa ni mabishano kati yake na marafiki zake, wao wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri ambayo ungeweza kuyasikia mimbarini wiki hii. Mwishoni, 42:7, Mungu anawakasirikia hao watetezi, kwamba hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyonena. Ayubu ambaye alikuwa amelaani hata siku aliyozaliwa! Nilipiga mstari chini ya aya hiyo kwa kalamu nyekundu, na nina hakika nilikuwa na majina fulani kichwani.

Kama unataka kujaribu, usianze na Zaburi ya 88. Mimi nilianza nayo mapema na ikanilaza chini. Ndiyo zaburi isiyogeuka kabisa. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Upande wa kulia nilipata kipande kimoja tu, pale mwanzoni anapomwita "Mungu wa wokovu wangu". Lakini baadaye ilikuwa rafiki yangu, maana iliniambia kwamba siku ya kistari nayo ina zaburi yake. Ile ya 42 na ya 43 zisome pamoja, utamsikia mtu akiihoji nafsi yake swali lilelile mara tatu, kwa nini unainama. Na ya 73 ni kwa wale wanaoumia kila wanapoona wasiomjali Mungu wakipandishwa vyeo. Sitafafanua.

Mikesha niliiacha. Najua hili litawaudhi baadhi. Niliambiwa niamke usiku wa manane nivunje vizuizi, na nilivunja kweli, nikawa mchana nasinzia nikiwa katika usaili. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumkemea wala kumpa ratiba ya maombi. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu. Nilianza kulala mapema na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliweza kusoma barua ya kukataliwa bila kulia. Nililia kesho yake, lakini nikiwa nimepumzika.

Kulia kwenyewe nilikupatia ruhusa katika Mhubiri 3. Aya ya 2 hadi ya 8 zina jozi 14 za nyakati, na karibu katika kila jozi nusu moja ni kitu ambacho mtu hangekiombea: kufa, kung'oa, kubomoa, kupoteza, vita. Watu hupenda kukuambia "majira yako yanakuja", wakimaanisha majira mazuri tu, kana kwamba haya uliyomo hayamo katika orodha. Yamo. Na wakati wa kulia umetajwa kabla ya wakati wa kucheka.

Kuhusu kesho, ilinisaidia mana, kile chakula Waisraeli walichopewa na Mungu jangwani. Waliookota ya ziada wakaihifadhi hadi asubuhi, ikaingia mabuu ikanuka, isipokuwa ile ya kuamkia sabato. Nami nilikuwa na tabia ya kuomba imani ya mwaka mzima kwa mkupuo, nikikaa macho nikipiga hesabu za miezi ambayo haijafika. Nikapunguza. Asubuhi nikawa naomba inayonitosha mpaka jioni, kama Bwana alivyofundisha, "Utupe leo riziki yetu." Mhasibu kukataa kutazama bajeti ya miezi ijayo ni muujiza ambao kanisani hakuna aliyeupigia makofi.

Na ile barua ya Yeremia sikuitupa. Nilipokwisha kupanda juu hadi aya ya 5, nilikuta Mungu akiwaambia mateka wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wazae, wautakie amani mji uleule waliopelekwa utumwani. Mimi nilikuwa naishi kama mtu aliyekaa kituoni na begi mapajani. Hata pazia lililochanika nilikuwa nimeliacha nikisubiri "Mungu atende kwanza". Nililishona. Nikaanza kuwafundisha hesabu watoto wa jirani jioni, malipo ya kusuasua, lakini yalisukuma siku. Kazi ya ajira ilikuja baadaye, ndogo kuliko ile ya mwanzo, na sipendi inapochukuliwa kama ndiyo iliyothibitisha kwamba Mungu alikuwepo. Alikuwepo kwenye vistari.

Ndiyo maana nilitoa ushuhuda kabla haijaja. Hilo nalo lilikuwa na kisa chake. Kipindi cha shuhuda kilipofika nikanyoosha mkono, na mzee aliyekuwa akiongoza akatabasamu, akadhani nimepata. Nikasalimia, "Bwana Yesu asifiwe," wakaitikia kwa nguvu. Nikasema, sijapata kazi, kodi nadaiwa, na wiki hii nimemuuliza Mungu "hata lini" zaidi ya Daudi, lakini bado naongea naye na bado ananivumilia, na huo ndio ushuhuda wangu. Kukawa kimya. Mzee akatazama saa. Mpiga kinanda, Mungu ambariki, hakujua apige wimbo gani, akaanza mmoja akauacha. Nikarudi kukaa masikio yakiwa ya moto.

Baada ya ibada, huku nikitafuta njia ya kutoka bila kusalimiana na mtu, nilivutwa kitenge na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa mgonjwa siku nyingi, na ambaye kila Jumapili akiulizwa hali alijibu "tumebarikiwa". Nyuma yake alisimama kijana ambaye hata jina nilikuwa silijui. Wote wawili walitaka kujua ile zaburi ya "hata lini" ni ya ngapi. Nikawaambia ni ya 13, ni fupi, na watafute daftari.