Blanketi la viraka, mwezi wa nne sasa

Jana saa tano usiku, watoto wamelala, sare za shule zimepigwa pasi, maharage ya kesho nimeyaloweka, ndipo nikavuta kiti kwenye cherehani. Nikashona mistari miwili tu. Wa tatu nikasinzia, kushtuka nimeunganisha viraka vimegeuka ndani nje. Nikafumua.

Blanketi lenyewe nililianza kwa mabaki ya vitenge niliyoomba kwa fundi wa mtaani, pamoja na kanga mbili za marehemu mama. Nikajipa mwezi mmoja. Wapi! Kazini natoka saa kumi na moja, foleni ya Mbagala inanifikisha nyumbani saa moja na nusu, na sufuria bado haijainjikwa.

Halafu nilifanya kosa la kijinga: sikufua vitambaa kabla ya kukata. Kitenge kimoja chekundu kikachuja, viraka 6 vyeupe vikawa vya waridi. Jamani, chenye rangi kali kiloweke peke yake mpaka maji yatoke masafi.

Jina la kanga nililikata katikati ili viraka vilingane. Lilikuwa "Japo sipati tamaa sikati". Leo asubuhi kitindamimba wangu wa darasa la pili akasoma: "Tamaa sikati. Mama, nusu nyingine iko wapi?" Tukaitafuta chini ya meza, kwenye kikapu cha mabaki, uji ukaungua. Kazini nimechelewa dakika 20.

Baba yao ndiye aliyeipata. Alikuwa amefutia viatu.